Maji Waliyoyakataa Mbuzi

Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu apige magoti, akunje mkono wa koti, autie ndani ya yale maji. Naanza na hilo kabisa, asije mtu baadaye akasema nimeficha. Nilimwambia kwa simu, saa mbili asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye stoo yangu ya mtaa wa Guangyuan Xilu, huko Guangzhou, Uchina, katikati ya marobota ya jinzi, na nilimwambia kwa hasira.

Ilikuwa mwisho wa Januari mwaka elfu mbili na nane, ile baridi ambayo hata Wachina wenyewe hawakuielewa. Guangzhou tuliuzoea kuwa mji wa jasho na feni. Mwaka ule mvua ya baridi ilinyesha siku baada ya siku, huko kaskazini ikageuka barafu, treni zikakwama, na watu wa viwandani waliotaka kurudi kwao kwa mwaka mpya wa Kichina wakajaa mbele ya stesheni maelfu kwa maelfu, kila mmoja na mwavuli na begi lake. Kutoka kwangu hadi mtaa wa Zhanqian, mbele ya stesheni, njia ambayo wachukuzi hukimbia na mikokoteni, ulikuwa hupiti. Wateja hakuna. Nilibaki na mzigo wangu wa jinzi za viwanda vya Xintang na hasira zangu, na hasira za mtu asiye na kazi ya kufanya humwangukia aliye karibu, hata kama yuko mbali kilomita mia.

Chacha, mume wangu, hakuwa mtu wa biashara. Yeye alikuja kwa skolashipu kusomea mifugo, na utafiti wake wa miaka mitatu ulikuwa mbuzi ishirini na nne. Hawakuwa chuoni. Aliwaweka kwenye shamba la mzee mmoja aitwaye Liang, milimani, kaskazini kabisa mwa Conghua, mahali ambapo basi linakuacha na bado una safari. Wiki ile Mzee Liang alikuwa ameshuka kwa binti yake kula mwaka mpya, akamwachia Chacha zizi, jiko na funguo. Kwa hiyo mume wangu alikuwa peke yake kule juu, hana jirani wa karibu, na akipiga kelele anasikiwa na mbuzi.

Shida ilikuwa maji. Yaliganda horini usiku, yakaganda mchana, ukiyapasua kwa jembe baada ya saa moja yamefunga tena. Chacha alichemsha maji jikoni kwa kuni, akayabeba kwa ndoo hadi zizini, asubuhi mara moja na saa kumi alasiri mara moja, mbuzi wakawahi kunywa kabla hayajapoa. Jumapili nilipanda kwenda kumwona nikakuta vidole vyake vimepasuka vinatoa damu. Iliniuma. Na mimi kitu kikiniuma sikai nikalia, natengeneza. Nikamuuliza, kwani umeme huku haupo? Akasema upo. Sasa unajitesa nini, baba?

Nilikuwa nimebeba hita. Ile ya koili, ambayo wanafunzi huitumbukiza kwenye ndoo kuchemsha maji ya kuoga. Niliinunua kwa muuzaji anayetengenezesha bidhaa za soko la Afrika, nikikusudia kumpelekea mama mkwe wangu Tarime. Plagi yake ilikuwa ya kwetu, pini tatu nene za mraba, na soketi ya Mchina haipokei pini hizo hata uibembeleze. Basi nikafanya kama tulivyofanya nyumbani miaka yote. Nilikata plagi kwa kisu, nikamenya nyaya, mbili nikazichomeka kwenye matundu ya soketi ya stoo ya shamba na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Ule wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, nikaukunja pembeni, kwa sababu maishani mwangu sijawahi kuona kazi yake. Waya haukufika horini. Nikauunga na kipande cha waya nilichokikuta stoo kwa mzee, nikasokota, kiungo nikakifunga kwa selotepu, ile pana ya kahawia ninayofungia marobota. Hita ikaning'inia ndani ya hori la chuma, kile kiungo kikalala kwenye ukingo wake.

Baada ya robo saa maji yalikuwa yanatoa mvuke. Chacha aliuliza kama nina hakika na kile nilichokifanya. Nikamwambia amshukuru Mungu alioa mwanamke mwenye mikono, nikapanda basi nikarudi mjini nimefurahi kama mtu aliyejenga daraja.

Jumatatu mbuzi hawakunywa. Jumanne hawakunywa. Jumatano, saa mbili asubuhi, ndiyo akanipigia ile simu.

Alieleza polepole, kama kawaida yake, na upole wake ndio unaonichefua. Alisema mbuzi anakuja mpaka horini, ananyoosha shingo, mdomo ukigusa tu anaruka nyuma kama kachapwa. Sasa hata kusogea hawasogei, wanasimama mbali wanaliangalia hori. Amejaribu kukoroga kwa mti, hawaji. Wanakula nyasi kavu bila maji, matumbo yatafunga, na dume mmoja tayari anakojoa kwa shida. Siku moja zaidi na wataanza kufa. Akasema anafikiri aitoe hita, arudi kwenye ndoo zake.

Ningesema sawa, hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi ni Edina. Niliona mtu anataka kuitupa kazi yangu na kurudi kupasua vidole, ili baadaye niambiwe mke hakumsaidia. Nikamwambia mbuzi hawana kosa, kosa ni lake. Anasimama juu yao na lile likoti na yale magambuti kama nguzo ya simu, nani asiogope? Nikamkumbusha wao Wakurya wanavyojisifu kwamba mchungaji akipiga mluzi na kuyachezea maji kwa mkono wake, hata ng'ombe mgonjwa atakunywa. Sasa yeye mchungaji gani anayekoroga maji kwa mti?

"Piga magoti," nikamwambia. "Kunja mkono, utie kwenye maji mpaka kiwiko, uwapigie mluzi. Waone kwamba wewe mwenyewe huyaogopi."

Akacheka kidogo, akasema leo mtu wa kabila la ndizi anamfundisha Mkurya mifugo. Halafu akasema haya, atajaribu saa kumi, kwenye maji ya alasiri. Nikakata simu bila kuaga.

Nataka ujue kitu kimoja kuhusu Chacha. Alikuwa anabishana na mimi kuhusu kila jambo, na kisha anakwenda kulifanya. Miaka saba ya ndoa, na mtoto wetu Bhoke tumemwacha kwa bibi yake, sijawahi kumwambia kitu kwa hasira asikifanye. Nilijua saa kumi atapiga magoti.

Saa nne akaja Mutiso. Huyu ni Mkenya, alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, na kila akirudi kwao alibeba robota dogo la jinzi kwa ajili ya dada yake wa Machakos. Nilimpa kiti, nikampa chai, na kwa kuwa sikuwa na jingine la kumchekesha nikamsimulia mbuzi wa Chacha, wanaoletewa maji ya moto kama mabwana wa hotelini na bado wanayakataa. Nilimwonyesha wanavyoruka. Alicheka, akanywa chai, halafu nikamwona ameacha kucheka na kikombe kimebaki hewani.

Akauliza hori ni la nini. Nikamwambia chuma. Akauliza plagi niliifanyaje. Nikamwambia. Akauliza waya wa kijani niliupeleka wapi, na kiungo nilikifunga na nini. Nikamwonyesha selotepu, ilikuwa pale pale mezani.

Alikishika kile kigurudumu cha selotepu akakigeuza geuza. Alisema gundi ile ikipata mvuke haishiki, inaachia, na waya unabaki uchi juu ya chuma. Hori zima lina umeme, na maji yake yana umeme. Mbuzi hawana ukaidi wowote. Mdomo wa mbuzi umelowa, miguu yake imekanyaga tope, akigusa tu anapigwa.

Nikamwambia lakini Chacha ameyamwaga maji humo siku tatu, hajapata kitu. Mutiso akauliza anavaa nini miguuni. Gambuti. Anamwaga kwa kitu gani? Ndoo ya plastiki. Anakoroga kwa kitu gani? Mti.

"Hizo gambuti ndizo zimemweka hai," akasema Mutiso. "Na huo mti. Mwambie asije akapiga goti chini kwenye tope halafu atie mkono. Hapo hatoki."

Sijui niliweka wapi uso wangu. Nilikaa juu ya robota. Nilichukua simu nikapiga. Sauti ya yule mwanamke wa Kichina ikaniambia namba haipatikani. Nikapiga tena, na tena, mpaka Mutiso akanishika mkono akaniambia nimweleze kuna nini. Nilipomweleza nilichomwambia Chacha asubuhi, naye alikaa.

Tulijaribu kufikiri. Namba ya Mzee Liang ilikuwa kwenye simu ya Chacha, si kwangu. Chuoni watu wamefunga kwa sikukuu, Mutiso alipiga simu ikaita tu. Polisi wa kule hatukujua hata jina la kijiji kwa Kichina cha kueleweka. Ilikuwa saa nne na nusu. Saa kumi ilikuwa mbele yangu, nami nilikuwa naiona kama naona ukuta.

Mutiso alisema atabaki akipiga simu bila kuacha. Kabla sijatoka alinishika mabega kama mtoto, akanilazimisha nirudie maneno yake mara tatu. Nikimkuta Chacha ameshika yale maji, nisimguse. Hata akiwa anaanguka, nisimguse, tutakufa wote wawili na hakuna wa kutuokota. Swichi kuu sijui iko wapi, nisiitafute. Nimpite, niende stoo kwenye soketi, nichomoe nyaya kwa kitu kikavu cha mti. Ndipo nirudi nimguse.

"Dada Edina, sema tena."

"Nimpite," nikasema.

Kutoka pale hadi kituo cha mabasi, siku za kawaida ni dakika kumi. Siku ile nilitumia saa nzima nikipenya kati ya watu waliosimama wamelowa, wanaume wamebeba watoto mabegani, askari wameshikana mikono kuzuia msukumo. Nilisukuma, nikatukanwa, nikasukuma. Kila kona nilipiga simu. Kila mara yule mwanamke, na sauti yake isiyo na haraka, mpaka nikamchukia kama namjua.

Basi la Conghua lilikuwepo, na hilo lilinifanya nilie, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuambiwa halipo. Nilikaa dirishani. Ndani ya basi hakuna unachoweza kufanya, ndiyo mateso yake. Nilikuwa namwona Chacha akifunga mlango wa jiko. Namwona anakunja mkono wa koti vizuri, mikunjo mitatu, kwa sababu ni mtu wa utaratibu. Nilijaribu kumfikiria akiwa na hasira na mimi, akisema leo simsikilizi huyu mwanamke, na niliomba kwa Mungu anichukie siku hiyo moja tu. Sijawahi kuomba sala kama ile tena.

Saa saba na nusu tulifika Conghua mjini. Mabasi madogo ya kupanda milimani yalikuwa yamepangwa mstari, tupu, madereva wanacheza karata. Kila niliyemwendea alitikisa kichwa: *meiyou*, hakuna gari, barabara imeganda. Niliwashika mikono, nilipaza sauti kwa Kichina changu cha sokoni ambacho kinajua bei na rangi za suruali tu, sikuwa na neno la kueleza umeme ndani ya maji ya mbuzi. Walimwona mwanamke mweusi amechanganyikiwa. Mwishowe mzee mmoja mwenye kigari cha kabichi aliniangalia usoni tu, akaondoa kreti kwenye kiti, akaniambia nipande.

Alikwenda polepole mno. Nilitaka kumwambia aongeze mwendo, nikiangalia kona zile na bonde chini naufunga mdomo. Majani ya mianzi yalikuwa yamevikwa barafu, mianzi imeinama imegusa barabara. Nyaya za umeme juu yetu zilikuwa nene kama mkono, zimelemewa, nguzo moja imelala. Nilizitazama na sikufikiri chochote. Kichwani kulikuwa na saa tu. Saa tisa kasoro. Saa tisa na kumi.

Saa tisa na dakika ishirini gari liliteleza likazunguka nusu duara. Mzee akazima injini, akanionyesha barabara iliyong'aa mbele yetu kama kioo, akapunga mkono: basi. Nilimshukuru, nikashuka. Zilibaki kama kilomita tatu, mlima mtupu, na mimi nimevaa viatu vya stoo.

Nilianguka mara ya kwanza baada ya hatua kumi. Nikajifunza kutembea pembeni, kwenye majani, nikishika mianzi. Nilianguka tena, goti likachanika, sikusikia maumivu. Nilianza kuongea peke yangu kwa sauti. Nilimtukana Chacha kwa nini ni mtiifu. Nilijitukana mimi kwa majina yote ya kwetu na ya Guangzhou. Mahali fulani niliwapita wanaume wanne wenye kofia ngumu wamesimama chini ya nguzo, mmoja yuko juu, wakaniita nisimame, pengine kuniuliza kama ni mzima. Sikusimama.

Simu ilionyesha saa kumi kamili nikiwa bado sijaliona paa. Hapo nilikoma kukimbia. Nieleweke, sikuchoka. Niliogopa kufika. Nilisimama katikati ya barabara nikafikiri, nikikaa hapa, Chacha bado yuko hai, kwa sababu sijaona kitu. Nadhani nilisimama kama nusu dakika, na hiyo nusu dakika nimeibeba hadi leo. Halafu nikaenda.

Geti lilikuwa wazi. Kutoka getini unaona zizi moja kwa moja, uwanja wa tope katikati, banda la kuni upande huu, stoo upande wa pili nyuma ya hori. Upepo ulikuwa mkali unanipiga usoni.

Alikuwa kwenye hori. Amepiga magoti kwenye tope, mgongo kwangu, kichwa kimeinama mpaka karibu na maji, mkono wa kulia umezama. Kofia ya manyoya imefunika masikio. Mbuzi wamemzunguka wamebanana, sikuona uso wake wala sikuona kama anapumua. Hakuwa anatikisika hata kidogo.

Nilimwita. Nilimwita Baba Bhoke, halafu nikamwita Chacha. Hakugeuka.

Siwezi kukueleza miguu ilivyotaka kwenda kwake. Mwili wote ulikuwa unakwenda kwake, mikono ilikuwa imeshanyooka. Nilifika karibu kiasi cha kuona nywele za shingoni mwake, na mkono wangu ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye koti. Nikasema kwa sauti, nimpite. Nikampita mume wangu kama mtu anavyopita jiwe barabarani.

Stoo kulikuwa na giza. Nilipapasa nikapata ufagio wa mpini, nikaupiga kwenye soketi mara moja, mara mbili, njiti za kiberiti zikadondoka, nyaya zikatoka zikaning'inia. Nikazivuta kwa mpini mpaka zikalala sakafuni mbali na ukuta. Zimetoka. Nikabaki nimesimama nimeushika ufagio, na sasa ilikuwa zamu ya kurudi kumgusa, nikashindwa kuvuka kizingiti.

Ndipo nikasikia mluzi. Mdogo, wa chini, wa kubembeleza.

Nilitoka. Chacha alikuwa bado amepiga magoti, mkono ungali majini, na amenigeuzia uso. Uso wake ulikuwa umenuna. Mbuzi walikuwa wametia midomo horini, wote walioweza kufika, wanakunywa kwa pupa, unasikia koo zao.

"Usiwashtue," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo kwanza wanakunywa."

Akasema umeme umekatika tangu saa nne, na simu nayo haishiki tangu wakati huo, akachemsha maji kwa kuni, akaona awanyweshe kabla hayajaganda. Kwamba mwanzoni waliogopa, lakini alipotia mkono na kupiga mluzi akaja yule jike mzee, akaonja, wengine wakamfuata. Kwamba nilisema kweli, walichotaka ni mkono. Aliyasema haya kwa shida, kama mtu anayelipa faini, kwa sababu kukiri hivyo kulikuwa kunamuuma.

Nilikuwa nauangalia ule mkono kwenye maji, na lile goti kwenye tope.

Balbu iliyoning'inia juu ya hori ikawaka.

Jikoni redio ya Mzee Liang ikaanza kusema Kichina katikati ya sentensi. Mbuzi waliinua vichwa, wakasikiliza, wakarudi kunywa.

Chacha aliitazama balbu. Halafu akatazama hita iliyokuwa imening'inia karibu na kiwiko chake. Akaufuata waya kwa macho, juu ya ukingo wa hori, kwenye kile kiungo ambacho selotepu yake ilikuwa imebanduka yote, kwenye tope, kwenye kizingiti cha stoo, mpaka kwenye zile ncha mbili zilizolala miguuni pangu. Chacha ni msomi, na amewaangalia wanyama maisha yake yote. Niliona usoni mwake anakumbuka kila mbuzi aliyeruka tangu Jumatatu. Akautoa mkono majini taratibu, akaushika kwa mkono wa pili, akaukumbatia kifuani.

Nilimwambia yote. Hayakuwa maneno mengi. Nilisema ni selotepu, ni ule waya wa kijani, ni mimi.

Hakusimama. Alibaki pale pale kwenye tope, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko.

"Nilikusikia ukiniita," akasema. "Nikasema sigeuki, nitawashtua, mwache aje anisalimie. Ukanipita. Nikakasirika sana, Mama Bhoke. Nikasema mke gani huyu, katoka mjini mpaka huku, ananipita hata salamu hanipi."

Akaitazama tena balbu.

"Ungesimama kunisalimia," akasema, na hakumalizia.